Shahada Yako Itapita Serikalini? Mwongozo Kamili wa Ithibati, Vyeti vya Nje na Masomo ya Masafa

Kila Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma inapotoa majina ya walioitwa kwenye usaili, swali ni lile lile: mbona nina shahada, nimeomba zaidi ya mara moja, na jina langu halimo? Wanaouliza zaidi ni waliosoma nje, waliosoma kwa masafa, na waliosoma vyuo ambavyo majina yake hayajazoeleka. Wengi hujijibu wenyewe kwamba serikali haizitaki shahada za mtandaoni. Sivyo.

Afisa anayechambua maombi hana kazi ya kupima ubora wa chuo chako. Anaangalia kama mamlaka yenye jukumu hilo imeshakitambua cheti chako, na kama umeuweka ushahidi huo mahali unapotakiwa kuwa. Shahada nzuri isiyo na ushahidi huachwa kando. Shahada ya masafa yenye nyaraka kamili hupita.

Mwongozo huu ni wa anayeomba kazi serikalini Tanzania. Fuata hatua kwa mpangilio wake, kwa sababu kosa la hatua ya 2 huja kuonekana hatua ya 9, wakati muda na pesa vimeshakwenda.

## Andaa hivi kwanza

- Vyeti halisi vya kidato cha nne na cha sita, au cha nne na stashahada, kulingana na njia uliyopitia kuingia chuo kikuu.
- Cheti cha shahada pamoja na transkripti yake, yaani orodha ya kozi na alama ulizopata. Hati ya matokeo ya awali haitoshi.
- Barua ya udahili uliyopewa na chuo ulipoanza.
- Maelezo ya programu: muda wake, kozi zake na njia ya ufundishaji.
- Cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA.
- Pasipoti yenye mihuri ya kuingia na kutoka, kama ulisoma ukiwa ughaibuni.
- Hati ya kubadili majina, kama majina yako yanapishana kwenye nyaraka.
- Nakala za vyeti vyote zilizogongwa muhuri na wakili.
- Barua pepe yako mwenyewe, unayoifungua kila siku. Usitumie ya wakala wala ya dukani ulikochapisha fomu.

Barua ya udahili watu wengi huitupa wakishahitimu, nayo ndiyo inayoonyesha uliingia chuoni kwa sifa zipi, mwaka gani na kwa njia gani ya masomo. Kama huna, mwandikie msajili wa chuo leo uombe nakala. Vyuo vingine huchukua wiki nyingi kujibu.

## Hatua ya 1: Jua kila cheti kiko chini ya nani

Vyeti vyako havihakikiwi na ofisi moja. NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, inahusika na mitihani ya sekondari na ya ualimu. Kama ulifanya mtihani wa Cambridge, au ulimaliza sekondari Kenya au Uganda, NECTA ndiyo inayotoa ulinganifu wa matokeo hayo na ya hapa nyumbani. NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi lililokuwa likiitwa NACTE, inahusika na astashahada, stashahada na tuzo za taasisi za elimu ya ufundi. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, inahusika na vyuo vikuu vya ndani na shahada zinazotoka nje.

Hapa kuna mtego unaowatia watu hofu ya bure. Mtu amesoma IFM, CBE, TIA, IAA au DIT, anaingia kwenye orodha ya vyuo vikuu ya TCU, hakioni chuo chake, anaanza kuhangaika. Taasisi hizo ziko chini ya NACTVET, na shahada zake ni za ngazi ya 8 katika mfumo wa tuzo za ufundi. Hazina upungufu wowote. Umetafuta kwenye orodha isiyo yake.

Umefaulu hatua hii ukiweza kuandika jina la mamlaka moja tu mbele ya kila cheti ulicho nacho.

## Hatua ya 2: Hakiki chuo, kisha kampasi, kisha programu

Watu wengi huishia kwenye jina la chuo. Wanaona kimo kwenye orodha ya TCU, wanafunga ukurasa, wameridhika. Ithibati, yaani kibali rasmi cha mamlaka kwamba masomo yanakidhi viwango, inashuka mpaka chini zaidi: chuo kinaweza kuwa halali huku kampasi fulani haijaruhusiwa, au kampasi ikawa halali huku programu uliyosoma haijaidhinishwa.

Fungua tovuti ya TCU uangalie mambo matatu. Kwanza, hadhi ya chuo kwenye orodha ya vyuo vilivyosajiliwa. Pili, kama kampasi yako imetajwa. Tatu, kama jina la programu yako limo kwenye mwongozo wa udahili, ule unaotolewa kila mwaka ukionyesha programu zilizoidhinishwa na sifa za kujiunga nazo. Tafuta mwongozo wa mwaka uliodahiliwa, maana programu huongezwa na kuondolewa.

Linganisha jina neno kwa neno. Shahada ya usimamizi wa biashara na shahada ya utawala wa umma ni vitu viwili tofauti, hata kama nusu ya kozi zake zinafanana.

Chuo chako kikifungiwa baada ya wewe kuhitimu, usikate tamaa. Kinachotakiwa ni uthibitisho kwamba kilikuwa halali ulipodahiliwa na ulipotunukiwa. Waandikie TCU uwaeleze mwaka wako wa kuingia na wa kuhitimu, uulize kumbukumbu za wanafunzi ziko wapi sasa. Pakua nakala ya ukurasa au mwongozo ulioutumia, uihifadhi pamoja na vyeti.

## Hatua ya 3: Kwa shahada ya nje, anza na mamlaka ya nchi husika

Maneno ya kwenye tovuti ya chuo si ushahidi. Chuo cha nje kinapimwa kwanza kwa hadhi yake katika nchi kinakotoka: kama huko kwao hakitambuliki, hapa hakitatambulika. Kwa hiyo usianze na tovuti ya chuo. Anza na tovuti ya msimamizi wa vyuo wa nchi hiyo, na uiandike anwani yake mwenyewe badala ya kubonyeza kiungo ulichopewa na chuo.

Kenya msimamizi ni CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu. Uganda ni NCHE, baraza la taifa la elimu ya juu, ambayo huorodhesha programu pamoja na tarehe za ithibati. Soma tarehe hizo. Ukiona ya programu yako imepita, omba maelezo ya maandishi kutoka NCHE, maana kupita kwa tarehe hakumaanishi moja kwa moja kwamba programu imefutwa.

India msimamizi ni UGC, tume ya ruzuku ya vyuo vikuu. Ina kitengo maalumu cha elimu ya masafa, na chuo lazima kiwe na kibali cha kitengo hicho kwa programu husika, hata kama chuo chenyewe kinatambulika. UGC pia hutoa orodha ya vyuo feki. Ipitie kabla hujalipa chochote.

Uingereza serikali hutofautisha taasisi zenye mamlaka ya kutunuku shahada na zile zinazofundisha tu kwa niaba ya nyingine. Kama ulisoma kwenye chuo kidogo mjini London lakini cheti kimetolewa na chuo kikuu kingine, kinachohakikiwa ni hicho kilichotunuku.

Marekani ndiko wengi wanakopotea. Serikali ya huko haitoi ithibati kwa chuo moja kwa moja. Ithibati hutolewa na mashirika binafsi, na Wizara ya Elimu au baraza liitwalo CHEA ndiyo hutambua mashirika hayo. Kwa hiyo maswali ni mawili: nani alikipa chuo hiki ithibati, na je, huyo aliyetoa anatambulika? Wizara ina hifadhidata ya wazi ya kutafutia. Leseni ya biashara kutoka jimbo fulani si ithibati.

Swali hilo la pili lina sababu. Mwaka 2015 ilifichuliwa kwamba kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistani, ilikuwa ikiendesha mamia ya tovuti za shule na vyuo visivyokuwepo, na ilitengeneza hata mashirika bandia ya kuvipa ithibati vyuo hivyo. Mwanafunzi aliyeishia kuuliza kama chuo kina ithibati alijibiwa ndiyo, na akaonyeshwa cheti.

Vitu vifuatavyo vinaonekana kama ithibati lakini sivyo: cheti cha ISO, uanachama katika jumuiya ya vyuo, kuwekwa kwenye jedwali la ubora wa vyuo, na apostili. Apostili inathibitisha saini na muhuri wa waraka. Haisemi lolote kuhusu ubora wa masomo, na hata karatasi ya chuo hewa inaweza kugongwa apostili.

Umefaulu hapa ukiwa na ukurasa uliochapishwa kutoka kwa msimamizi wa nchi husika, wenye jina la chuo jinsi lilivyo kwenye cheti chako. Vyuo vya uongo hupenda kuazima majina ya vyuo vikubwa na kubadili neno moja, kwa hiyo soma jina zima, mpaka na mji.

## Hatua ya 4: Kwa shahada ya masafa, jibu maswali manne mapema

Nirudie kwa msisitizo, kwa sababu upotoshaji ni mwingi: kusoma kwa masafa hakuifanyi shahada kuwa dhaifu mbele ya mwajiri wa serikali. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ni chuo cha umma kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya elimu huria na masafa, na wahitimu wake wako kwenye halmashauri, wizara na mahakama. Shahada yake inasimamiwa na TCU ile ile inayosimamia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Ugumu huanza pale shahada ya masafa inapotoka nje. Watu wengi hata hawajui kwamba yao ni ya nje. Tangazo la kazi huwataka waliosoma nje ya Tanzania wahakikishe vyeti vyao vimehakikiwa na mamlaka husika. Msomaji aliyesoma mtandaoni akiwa nyumbani kwake Mbagala anajiambia: mimi sikutoka nje, sharti hili halinihusu. Linamhusu sana. Kinachoangaliwa ni nchi ya chuo kilichotunuku cheti, si kiti alichokalia mwanafunzi. Shahada kutoka chuo cha India, Uingereza au Afrika Kusini ni shahada ya nje hata kama hukuwahi kupanda ndege. Hili peke yake limewaacha nje watu wengi wenye sifa.

Maswali manne ya kujiandaa nayo ni haya.

*Chuo kiliruhusiwa kufundisha programu hiyo kwa masafa?* Ithibati ya masomo ya darasani haihami yenyewe kwenda kwenye masafa. Tafuta maandishi yanayotaja njia ya ufundishaji.

*Mitihani ilisimamiwa vipi?* Andaa maelezo: kituo cha mtihani, msimamizi, au mfumo wa mtandaoni unaomtambua mtahiniwa. Ratiba ya mitihani na kadi ya mtahiniwa ni ushahidi mzuri. Usizifute kwenye barua pepe.

*Mafunzo kwa vitendo yalifanyika wapi?* Ualimu, uuguzi, uhandisi, maabara: fani hizi hazikamiliki kwa kusoma tu. Bila barua ya kituo ulichofanyia mazoezi, shahada ya masafa katika fani hizo ina safari ndefu.

*Ulisoma kwa muda gani?* Shahada ya kwanza kwa fani nyingi hapa nchini ni miaka 3 au zaidi. Ukionyesha cheti ulichokipata kwa miezi michache, utaulizwa uliruka nini. Kama ulipunguziwa muda kwa sababu ya stashahada uliyokuwa nayo, hilo linaelezeka, mradi chuo kiandike ni kozi zipi zilizohamishwa. Kama ulipunguziwa kwa "uzoefu wa maisha" na ada ya mkupuo, hicho ni kiwanda cha vyeti. Usikipeleke popote.

Usijaribu kuificha njia uliyosomea. Kama transkripti inasema masafa, jaza masafa kwenye fomu. Kutofautiana kwa maelezo yako na ya chuo kunatia shaka kuliko masafa yenyewe.

## Hatua ya 5: Kagua ngazi zilizo chini ya shahada

Hii ndiyo hatua inayowashangaza watu. Wanapeleka shahada ihakikiwe, wanaulizwa kuhusu kidato cha sita.

Sababu ni kwamba utambuzi huangalia pia uliingiaje. Kwa kawaida anayeingia shahada ya kwanza nchini kutoka kidato cha sita anatakiwa awe na ufaulu wa masomo mawili ya msingi wenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, ambapo A ni 5 na E ni 1. Anayetoka stashahada anatakiwa awe na wastani usiopungua 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Ipo pia njia ya programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria. Baadhi ya fani, hasa za afya na uhandisi, zina masharti yake ya ziada.

Vyuo vingine vya nje hupokea mtu yeyote mwenye ada. Mtu wa kidato cha nne peke yake anaingia shahada ya kwanza, anasoma kwa bidii, anahitimu vizuri, na akirudi anaambiwa kuna ngazi haipo. Anaumia, na ana haki ya kuumia, kwa sababu hakuna aliyemwambia mwanzoni.

Weka vyeti vyako mezani kwa mpangilio wa miaka, kutoka kidato cha nne hadi cha mwisho. Kila cheti kiwe na kile kilichokuruhusu kukisomea. Ukiona pengo, tafuta maelezo yake sasa: huenda uliingia kwa mtihani wa watu wazima, au kwa kozi ya mwaka mmoja ya maandalizi ambayo cheti chake hukukichukua. Kifuate.

Mwenye shahada ya uzamili naye asiruke hatua hii. Uzamili wa chuo bora unaokaa juu ya shahada ya kwanza isiyotambulika utarudishwa.

## Hatua ya 6: Omba utambuzi TCU

Maombi ya kutathminiwa kwa tuzo za nje hufanyika kwenye mfumo wa mtandaoni wa TCU. Ingia kupitia tovuti yao, fungua akaunti, jaza taarifa, pakia nyaraka na ulipe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali ambayo mfumo unakupa. Ada isome kwenye mfumo wenyewe siku unayoomba. Usimlipe mtu mkononi.

Mambo matatu ndiyo huamua kasi ya ombi lako.

La kwanza ni ubora wa picha. Skani cheti kizima, kingo zote zikionekana, pamoja na upande wa nyuma kama una maandishi au muhuri. Picha ya simu iliyokatwa kona yenye namba ya cheti hurudishwa.

La pili ni lugha. Cheti cha Kichina, Kirusi, Kifaransa au Kiarabu kinahitaji tafsiri rasmi. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, hutoa huduma ya tafsiri. Ambatisha tafsiri pamoja na nakala ya asili, usiitume peke yake.

La tatu ni mawasiliano ya chuo. Uhakiki hufanywa na chuo chenyewe kikithibitisha kwamba ulisoma hapo. Ukiandika barua pepe ya ofisi ya udahili iliyokufa, ombi litakaa. Piga simu kwanza, uliza ni ofisi gani inathibitisha wahitimu, na kama wanataka idhini yako ya maandishi ili watoe taarifa zako. Vyuo vingi vya Ulaya haviwezi kujibu bila idhini hiyo.

Mafanikio hapa ni hati ya utambuzi yenye jina lako, jina la chuo na ngazi ya tuzo jinsi inavyolinganishwa na za hapa. Soma kila neno siku unapoipata. Kosa la herufi linarekebishika kwa urahisi kabla hujaitumia kuombea kazi.

Tahadhari: usisubiri tangazo la kazi ndipo uombe. Matangazo mengi hukaa wazi kwa wiki mbili hivi, na uhakiki unategemea chuo kilicho nchi nyingine.

## Hatua ya 7: Angalia bodi ya taaluma

TCU kuitambua shahada hakumaanishi unaruhusiwa kufanya kazi ya fani hiyo. Kuna kada, yaani aina za kazi, ambazo tangazo litataka usajili wa bodi. Wahandisi wana ERB, wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi wana AQRB, wahasibu wana NBAA, wa ununuzi na ugavi wana PSPTB. Madaktari, wauguzi na wafamasia wana mabaraza yao. Anayetaka kuwa wakili wa serikali atapita Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo.

Kila bodi ina macho yake. Inaweza kuuliza saa za maabara au intanishipu ambazo TCU haikuziuliza. Kwa fani hizi, wasiliana na bodi kabla ya kujiunga na programu ya masafa ya nje, na uombe jibu la maandishi.

## Hatua ya 8: Sawazisha majina

Elizabeth kwenye cheti cha kidato cha nne, Elizabet kwenye shahada, na jina la mume limeongezwa kwenye NIDA. Kwako ni mtu mmoja. Kwa mchambuzi ni watu watatu mpaka uthibitishe vinginevyo. Tengeneza hati ya kubadili majina kwa msaada wa wakili na isajiliwe. Iambatishe kila mahali unapoambatisha vyeti.

## Hatua ya 9: Jaza Ajira Portal bila kukisia

Maombi ya kazi chini ya Sekretarieti hupitia Ajira Portal, mfumo wake wa mtandaoni. Kabla hujabonyeza tuma, kagua haya:

1. Ngazi zote za elimu zimejazwa, kuanzia kidato cha nne. Usijaze shahada peke yake.
2. Jina la shahada ni lile la kwenye cheti, si la kazi unayoitaka. Mtu mwenye shahada ya takwimu anayechagua "uchumi" kwa sababu tangazo ni la mchumi anaharibu ombi lake mwenyewe.
3. Hati ya utambuzi ya TCU, ulinganifu wa NECTA au uthibitisho wa NACTVET umepakiwa pamoja na cheti chake, na unafunguka. Pakua ulichopakia ukisome.
4. Umeweka vyeti kamili. Matangazo husema wazi kwamba hati za matokeo ya kidato na matokeo ya awali ya chuo hayakubaliwi.
5. Barua ya maombi imesainiwa na inataja nafasi na mwajiri sahihi.

Kisha soma upya sehemu ya sifa kwenye tangazo. Likitaja fani tatu kwa majina bila kuongeza maneno kama "au fani inayolingana", na yako haimo, ithibati haitakusaidia. Hapo tatizo ni muundo wa kada, yaani sifa zilizopangwa rasmi kwa kazi hiyo.

## Hatua ya 10: Beba karatasi halisi kwenye usaili

Wasailiwa hutakiwa kufika na vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa hadi cha juu kabisa, pamoja na kitambulisho. Hati ya utambuzi ya shahada ya nje ibebwe ikiwa halisi, na usajili wa bodi vilevile. Anayekosa kimoja hurudishwa mlangoni hata kama alifaulu mtihani wa mchujo.

Asikudanganye mtu kwamba karatasi ya kughushi inaweza kupita hapa. Ripoti ya uhakiki aliyokabidhiwa Rais Magufuli mjini Dodoma Aprili 2017 ilikuta watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Wengine walikuwa wametumikia miaka mingi. Kughushi ni kosa la jinai, na cheti hukaguliwa tena hata baada ya ajira.

## Ukikataliwa utambuzi

Omba sababu kwa maandishi. Sababu nyingi huangukia makundi matatu, na kila moja lina njia yake.

Kama ni upungufu wa nyaraka, ongeza kilichokosekana. Kama chuo hakikujibu, kifuatilie wewe kwa msajili wake, kisha uiarifu TCU kwamba kiko tayari kujibu. Kama chuo au programu haitambuliki katika nchi yake, acha kupoteza pesa kwenye rufaa: uliza vyuo vya hapa kama vinaweza kukupokea kwa vyeti vyako vya ngazi za chini, stashahada au kidato cha sita, uanze njia iliyo safi. Ni uamuzi mzito. Lakini kila mwaka unaopita unakusogeza kwenye kikomo cha miaka 45 ambacho matangazo mengi huweka.

## Kama hujaanza kusoma bado

Anayekwenda kusoma nje huomba TCU hati ya kutokuwa na pingamizi kabla ya kuondoka. Iombe hata kama wakala anasema si lazima, kwa sababu chuo na programu hukaguliwa wakati huo, ukiwa bado na ada yako mfukoni. Wakala naye awe amesajiliwa na TCU.

Kwa masafa ya nje, tuma chuoni maswali haya kwa barua pepe: nani aliwapa ithibati ya programu hii kwa njia ya masafa? Ithibati inaisha lini? Mitihani nitafanyia wapi? Cheti kitatolewa na chuo gani? Nani atajibu mamlaka ya nchi yangu ikiomba uthibitisho? Majibu yahifadhi. Ukijibiwa kwa simu tu, tena na mtu wa masoko anayekusisitiza ulipe wiki hii, usilipe.

## Kama tayari ni mtumishi wa umma

Usijiunge kimyakimya ukitarajia kubadilishiwa kada baadaye. Mwone afisa utumishi wako kwanza, uingizwe kwenye mpango wa mafunzo na upate ruhusa ya mwajiri kwa maandishi, hata kama unajilipia na unasoma usiku. Mwulize pia kama shahada hiyo imo kwenye muundo wa utumishi wa kada unayoitaka. Ukihitimu, peleka barua ya ruhusa, cheti, transkripti na, kwa shahada ya nje, hati ya utambuzi, vyote kwa pamoja. Hakikisha nakala zimeingia kwenye jalada lako, na barua yako ya kuviwasilisha imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.